Wimbi Lililoizidi Helikopta

Dada yangu Kazimiera hapandi meli. Hapa Darłowo, bandari yetu ya Poland, ambako kila nyumba ina mtu wa baharini, hicho ni kituko, na watu wamekicheka mpaka wamechoka. Harusi ya bintiye Malwina ilifanyika Ystad, Uswidi, ng'ambo ya maji, na Kazimiera hakwenda. Mjukuu wa kwanza akabatizwa hukohuko, hakwenda. Ndege nayo haitaki, maana inapita juu ya bahari ileile. Sasa amezaliwa mjukuu wa pili, na Malwina akapiga simu na kusema bila kumung'unya maneno: "Mama, ukikosa na ubatizo huu, usinitafute tena. Nitajua mimi si mwanao."

Kazimiera aliweka simu, akavuka barabara, akaja jikoni kwangu. Jikoni ndiyo karakana yangu tangu mke wangu afariki, kwa kuwa hakuna tena wa kunifukuza na gundi zangu.

"Lubomir," akasema, "hiyo unayoiunda ndiyo ile iliyonitoa?"

Ndiyo hasa. Ilikuwa helikopta, Mi-14 ya jeshi la wanamaji, ile yenye tumbo la mashua ili iweze kukaa juu ya maji, modeli ya plastiki iliyopunguzwa mara sabini na mbili. Nilikuwa naiandalia mashindano ya klabu yetu. Mikanda ya viti vya marubani niliikata kwa wembe kutoka kwenye karatasi ya sigara. Vioo nilivichovya kwenye dawa ya kung'arishia sakafu, kama tufanyavyo sote, vikang'aa kuliko vioo vya kweli. Sisi watu wa modeli ni wagonjwa, najua, msinikumbushe.

Habari ya kuokolewa kwake niliijua kama mji mzima ulivyoijua: meli ya mizigo aliyokuwa mpishi wake ilizama Januari moja ya zamani, helikopta ikamtoa, basi. Zaidi ya hapo hakuwahi kumwambia mtu. Hata marehemu mumewe hakuwahi kuisikia.

"Ndiyo hiyo," nikamjibu.

"Basi itengenezee bahari yake. Malwina anakuja mwenyewe kunichukua. Kumwambia siwezi, nimeshajaribu, mdomo unakataa. Nitamwonyesha."

Nikaitengeneza bahari. Sisi sote tunaitengeneza namna moja: bapa, na vijiwimbi vya kupendeza na pamba kidogo ya povu, ili mashine ionekane vizuri. Majaji huja kuangalia mashine, hawaji kuangalia maji. Kazimiera aliitazama kazi yangu ya wiki nzima.

"Hii ni nini? Supu?"

"Hiyo ni Baltiki."

"Baltiki yako hii hata bata angeona aibu kuzama ndani yake."

"Haya, mjuaji, mawimbi yalikuwa makubwa kiasi gani?"

"Kama hii nyumba."

"Kila aliyenusurika husema kama nyumba."

"Lubomir, sikusema kama nyumba. Nimesema kama hii nyumba. Pamoja na paa lake."

Nimeumbwa hivi: mtu akitia chumvi mbele yangu lazima nimpimie. Nilichukua futi kamba, nikapanda darini, nikaiteremsha dirishani mpaka chini, kusudi nimwaibishe. Nikarudi jikoni, nikagawanya kwa sabini na mbili, nikakata kipande cha kadi kwa urefu huo na kukisimamisha mezani kando ya helikopta.

Kadi ikaipita mashine kimo.

Nilidhani nimekosea hesabu. Nikarudia. Ikaja vilevile.

"Haiwezekani," nikasema. "Rubani hashuki mahali kama hapo. Anakaa juu kabisa, anateremsha waya."

"Waya uliganda kwa barafu. Uliteremka nusu ukagoma. Niliuona unaning'inia juu huko, nikasema basi, yamekwisha." Kazimiera alikuwa anaitazama kadi, hanitazami mimi. "Halafu lile tumbo likaanza kushuka. Likashuka katikati ya mawimbi mawili. La kushoto liko juu ya mapanga yake yanayozunguka, na la kulia liko juu ya mapanga yake. Na yeye anashuka tu. Anakuja."

Nilivuta kiti nikakaa. Mashine hiyo nimeisoma nusu ya maisha yangu. Najua kila mlango wake, kila taa yake, najua rangi ya ndani ambayo hakuna atakayeiona. Lakini siku ile ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza. Mtu mwenye mama yake na mke wake aliketi nyuma ya kioo kile akaamua kushuka humo, kwa ajili ya mpishi asiyemjua jina.

Niling'oa ile supu yangu nikaitupa. Nikajenga upya kwa yale mapande meupe mepesi yanayofungiwa televisheni, nikapaka plasta, kisha rangi, kisha vanishi. Kazimiera alikaa kwenye kigoda na glasi yake ya chai akiniamrisha. Nyeusi zaidi. Siyo bluu, nani kakwambia ni bluu? Povu lisikae hapo juu, lipeperushe, upepo wa mapanga ulikuwa unalichana.

Gerwazy, jirani na mwenzangu wa klabu, akaingia bila kubisha, kama kawaida yake.

"Mungu wangu, Lubomir! Umeizika mashine! Majaji waje na sepetu?"

"Waje nazo."

"Utashika mkia, nakwambia. Mkia wenyewe hasa." Kisha akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na meza. Akavua kofia. Aliondoka bila kuomba chai wala keki, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nimfahamu.

Kikabaki kitu kimoja. Mtu aliye majini, kwa kipimo hicho, ni kichwa na boya la kifuani tu. Vyote pamoja havifiki punje ya pilipili manga. Nilikichonga, nikakipaka rangi ya chungwa. Kukibandika alitaka Kazimiera mwenyewe. Alikishika kwa kibano akakiweka chini kabisa, kwenye bonde la maji.

Malwina alifika Jumamosi, tiketi za meli mkononi, koti hakulivua.

"Mjomba, shikamoo. Yuko wapi? Usinifichie, najua yuko humu."

"Niko hapa," akasema mama yake. "Kaa."

"Sikai. Meli inaondoka jioni. Safari hii nakubeba hata kama ni mgongoni."

"Tazama hiyo kwanza."

Malwina aliitupia jicho. "Nzuri. Hongera, Mjomba. Kwa hiyo mimi nahangaika na mtoto mchanga, ninyi huku mnacheza na vidoli."

"Nitafute," akasema Kazimiera.

"Nini?"

"Mimi nimo humo. Nitafute."

Malwina akashusha pumzi, akainama. Akatazama mlangoni mwa helikopta, kwa kile kisanamu cha mtu anayeteremsha waya. Akatazama nyuma ya vioo. Akapekua mgongo wa wimbi. Hakuona kitu. Mama yake akachukua kijiti cha kiberiti akamwonyesha.

Malwina alipiga magoti. Kidevu chake kikagusa meza. Kutoka pale wimbi linaziba dirisha lote la jikoni, najua, nimepiga magoti pale mara nyingi.

"Hiki?"

"Hicho."

"Peke yako, mama? Humu ndani peke yako?"

"Hapana. Hapo tuko wawili."

Nilitaka kufoka, mbona hukuniambia nichonge wa pili? Lakini Malwina alishanitangulia. Midomo yake ilikuwa inacheza, anahesabu kurudi nyuma, kutoka Agosti aliyozaliwa mpaka Januari ya mwaka uleule, meli ilipozama.

"Hata baba yako nilikuwa sijamwambia bado," akasema Kazimiera. "Nilikuwa naongea na wewe tu. Shikilia, nikikwambia, shikilia, inakuja. Baadaye sikutaka ukue unaogopa maji. Sasa unanipigia simu kuniambia wewe si mwanangu."

Malwina alikuwa analia bila sauti, uso wake palepale usawa wa maji, akiliangalia lile tumbo likimjia.

Simu yake ikalia mfukoni. Alikuwa mumewe, Torbjörn.

"Mlete mtoto," akamwambia. "Mje wote. Tunabatiza huku."

Torbjörn akauliza jambo.

"Hapana, mama hajakataa," akasema Malwina. "Mimi ndiye ninayemkataza."