Seva ya Sebuleni

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, Ayot alitoa kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta ya sebuleni, akakikunja, akampisha fundi Pitshou akae. Nyumba iko Kasubi, upande wa chini ambako maji ya mvua hupenda kupita. Kompyuta ilikuwa ya kawaida ya mezani, ya mtumba, yenye spika mbili ndogo. Laker, binti wa nyumba, aliitumia kwa kazi za shule na kusikiliza nyimbo. Ayot aliitumia kusikiliza mahubiri huku akipiga nguo pasi. Haikuwa na ubaya wowote.

Ubaya ulikuwa neno moja. Mumewe Ayot, Oryem, sajenti mstaafu wa polisi, aligundua kwamba mfumo uliomo ndani ya mashine yake ulijitambulisha kama toleo la nyumbani. Aliona ametukanwa. Nyumbani ni kwa wanawake, watoto na kuku. Yeye alitaka mfumo wa seva, ule unaowekwa kwenye mashine za maofisini zinazohudumia kompyuta za jengo zima. Kwamba hakuwa na hata kompyuta ya pili ya kuhudumiwa, hilo halikumsumbua. Mtu wa aina yake hasumbuliwi na mambo kama hayo.

Tena asidhaniwe kwamba hakuzijua seva. Alikaa nazo mpaka alipostaafu, akilinda mlango wa chumba cha seva katika ofisi moja ya serikali. Mlango, si chumba. Ndani hakuwahi kuingia. Alichojua ni kwamba wakubwa walipofika pale walivua viatu na kushusha sauti, na kwamba upepo uliotoka chini ya mlango ulikuwa baridi. Juu ya elimu hiyo alijenga dini nzima.

"Afande," Pitshou alisema, "hii ya zamani njo muzuri kwa nyumba. Seva haina michezo, haina nini. Hata mashine ya kuchapisha inaikataaka."

"Wewe weka," Oryem alisema. "Mimi nakaa na seva hata kabla wewe kuvuka mpaka."

Pitshou alikuwa ametoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, na watoto watatu, na fundi mwenye watoto hubishana na mteja mara moja tu. Akachomeka flashi, akaweka. Mashine ilipouliza msimamizi ni nani, Oryem aliandika jina lake kwa kidole kimoja, akarudi kulisoma. Ayot na Laker wakaandikwa watumiaji wa kawaida.

Mashine ilipowaka upya, spika zilikuwa kimya. Ayot akafungua mdomo kuuliza kama chakula kiletwe sasa, sauti haikutoka. Laker akajaribu kumwita mama yake, ikawa vilevile. Nje, jogoo alinyoosha shingo juu ya ukuta, akapanua mdomo, akaufunga. Ayot alisubiri kidogo, kisha akaenda kuleta chakula.

"Njo kawaida yake," Pitshou alieleza huku akinawa. "Seva inakujaka na sauti imefungwa. Kazi yake si kuimba. Na hawa beko batumiaji wake, basi na bao imebafunga sauti. Wewe uko musimamizi, haikugusi. Niwafungulie? Ni kubofya mara moja."

"Hapana gusa," Oryem alisema. "Seva ya kweli hapana piga kelele."

Wakala chakula.

Kuanzia siku hiyo viatu vilivuliwa mlangoni. Watu wa Kasubi si wageni wa kuvua viatu, lakini wao huvua kwa heshima ya wafalme waliozikwa hapo. Hapa walivua kwa heshima ya sanduku la bati lisilofanya kazi yoyote. Feni pekee ya nyumba ilihamishwa kutoka chumba cha kulala, ikaelekezwa kwenye mashine. Oryem alikaa mbele yake kutwa, mikono magotini, akitazama skrini tupu kwa sura ya mtu anayeendesha nchi.

Jirani yao Asuman, muuza vipuri vya pikipiki, alikuja kuiona. Alizunguka meza bila viatu, soksi yake moja imetoboka, akatikisa kichwa.

"Ssebo, bwana wangu, nyumba yako imetulia," alisema. "Kwangu ni kelele tu, asubuhi mpaka jioni. Huyo fundi anapatikana wapi?"

Oryem akamwelekeza. Wanaume wengine wawili wa mtaa walimfuata Asuman kuuliza, na wote walikuwa wanaume ambao mtu hangependa kukaa nao meza moja.

Yafaa isemwe kwamba mazungumzo ya nyumba hayakubadilika hata kidogo. Oryem alisema, mke na binti wakaitikia kwa kichwa. Shuleni mwalimu alimsifu Laker kwa adabu yake mpya. Sokoni Ayot alinyoosha kidole kwenye mafungu ya mboga za dodo, na muuzaji, alipoona mteja asiyeweza kubishana, akamchagulia yaliyonyauka. Sauti haikumrudia hata alipotoka nje ya geti. Mtumiaji huenda na akaunti yake popote aendapo. Kanisani alisimama na waimbaji mahali pake pa siku zote, akapanua mdomo pamoja nao, na kiongozi wa kwaya hakuona tofauti.

Aliyeona tofauti alikuwa Aol, mama yake Ayot, aliyeko Kitgum. Aol macho yake yalikufa zamani, na yeye alimjua binti yake kwa sauti tu. Kila Jumapili baada ya ibada mjukuu mmoja humshikia simu. Jumapili hiyo bibi huyo alikuwa mgonjwa wa kifua. Aliita, "Ayot! Ayot!" mara nyingi, kikohozi kikamkatiza, akasema mtandao umeharibika, akakata.

Ayot aliandika ujumbe kwenye simu yake, akauweka mbele ya uso wa mumewe: mama mgonjwa, anataka kunisikia, nifungulie sauti. Oryem aliusoma mpaka mwisho, midomo ikimcheza.

"Mama Laker, tuma yeye meseji," alisema.

Haoni, Ayot aliandika.

"Basi watamsomea."

Ayot akavaa viatu, akaenda mpaka Kawempe, kwenye kibanda cha Pitshou, akamwonyesha simu ileile. Pitshou alisoma, akafunga kibanda. Alikuwa na aibu, na aibu ilimfaa. Walipofika nyumbani akasimama nyuma ya kiti cha Oryem.

"Afande, unatia tu neno la siri, mimi nabofya. Mama wa watu anakohoa kule, anataka kusikia mutoto wake."

Oryem alifikiri, au alikaa kama wanavyokaa watu wanaofikiri. Pengine kwa nukta moja alikaribia kukubali; tumpe hiyo, kwa kuwa hakuna kingine cha kumpa.

"Nikifungua sauti," aliuliza, "bado iko seva?"

"Bado iko seva," Pitshou alisema, kisha akaongeza kwa kuwa alikuwa mkweli mahali pasipotakiwa: "Itafanana tu kidogo na ile ya nyumbani."

Oryem akaondoa mkono wake juu ya meza. Pitshou akavaa viatu, akarudi kazini. Siku ile alikuwa na seva nyingine ya kuweka, kwa Asuman.

Jumapili iliyofuata simu iliita, Ayot akiwa jikoni. Sebuleni Oryem alikuwa na wageni, akiwaambia washushe sauti. Ayot akaweka simu sikioni.

"Ayot?" mama yake aliita kwa Kiacholi. Sauti ilikuwa imepungua sana. "Ayot, ni wewe?"

Ayot alipanua mdomo. Kilichotoka ni pumzi tu, pumzi hazikufungwa. Kule Kitgum Aol akasikiliza pumzi hizo kwa makini.

"Haya, ni wewe," alisema. "Nilikuwa nahangaika bure. Usijisumbue, mwanangu. Tangu uolewe ndivyo unavyozungumza."

Akaendelea kumweleza habari za kifua chake, na Ayot akawa anaitikia kwa kichwa.