Mtandao Uliovuka Jengo

Hospitalini walimwita Bi Nyaya, na jina hakulichukia. Kazi yake ilikuwa kuzifanya kompyuta zielewane. Kila jengo alilipa mtandao wake unaoishia mlangoni, ili hitilafu ya huku isiambukize kule. Kisha mashine ya kupiga picha za kichwa ikahamishiwa jengo jipya, na kompyuta inayoiongoza ikabaki jengo la zamani. Mashine yenyewe ilikuwa kaidi kama punda: anwani yake ya mtandaoni haibadiliki, na walioiuza hawapokei simu.

"Ivushe basi," alisema daktari mkuu. "Hiyo VLAN yake si kipande tu cha mtandao kilichotengwa? Kifike pande zote mbili, mashine idhani haijahama."

"Kitafika, daktari. Lakini waya ukikosewa kule, na huku kunazimika."

"Sasa wagonjwa wafanyeje? Wasubiri?"

Bi Nyaya akaivusha, na kwa muda mrefu ikatulia, hata yeye akaacha kuiogopa.

Siku hiyo mchana waliletwa watu wawili kwenye gari la mchanga: baba mdogo wa Bi Nyaya, mwashi, aliyeteleza juu ya jukwaa akaangukia kichwa, na mkewe, mama mdogo, aliyempakata. Mgonjwa alikuwa akitaja majina ya watu waliokwisha kufa. Walipomlaza kwenye mashine, kioo kikaganda. Simu za jengo zima zikanyamaza. Dirisha la dawa nalo likasimama.

Bi Nyaya alifungua kabati la swichi, vile visanduku vinavyounganisha nyaya za mtandao. Taa zote zilikuwa zinawaka bila kupepesa, na moyo wake ukamwambia kabla ya macho: mahali fulani waya umejirudia, ncha zote mbili zimechomekwa kwenye mtandao uleule, ujumbe unazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Akajaribu kuzifikia swichi za jengo la zamani kwa kompyuta yake. Kimya.

Akakimbia. Chumba cha swichi kule kilikuwa kinapakwa rangi. Mlango wa chuma, kufuli nje.

"Wamekwenda kula," alisema mlinzi. "Ufunguo wanao wao."

"Wapigie!"

"Napiga, mwanangu. Haipokelewi."

Wakasukuma kwa mabega, mlango ukawacheka. Akarudi mbio. Kilichobaki ni kuchomoa waya unaounganisha majengo mawili. Akiuchomoa, jengo jipya litafufuka, lakini mashine ya picha itatengana na kompyuta yake, na bila hiyo haikubali hata kuanza. Akiuacha, hakuna kitakachofanya kazi. Akauchomoa. Simu zikaanza kulia, watu wakashangilia dirishani, na mashine moja tu ikabaki imekufa.

"Mpelekeni hospitali ya pili," daktari akaagiza. "Hatuwezi kungoja."

Mama mdogo alimshika mkono kwenye ngazi za gari la wagonjwa.

"Watu wote hapa wanasema fundi ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Basi itengeneze."

"Siwezi, mama. Sina mlango."

Mama mdogo hakuelewa, na angeelewaje? Akaachia mkono, akapanda, gari likaondoka.

Wapaka rangi walirudi wakijipangusa midomo. Mmoja alieleza kwamba aliona waya unaning'inia, akauchomeka kwenye tundu lililo wazi, "pasionekane vibaya." Bi Nyaya aliuchomoa kwa vidole viwili. 

Baba mdogo alipasuliwa kichwa jioni ileile, akapona kiasi chake. Anatembea, anakula, ila mkono wa kulia haukamati mwiko tena. Madaktari wanasema huenda ingekuwa hivyohivyo hata angewahi. Wengine wanasema saa ile iliyopotea ingesaidia. Bi Nyaya ameuliza mara nyingi, na kila anayemuuliza huangalia pembeni.

Mama mdogo humkaribisha vizuri anapokwenda kuwaona. Humwekea kiti, humuuliza habari za kazi. Naye hujibu kwamba kazi inaendelea, kisha wote watatu hukaa wakitazama uani.