Mguu Mmoja Ndani ya Kabati

Chumba alichopewa Dada kilikuwa mwisho wa korido, na ndani yake mlikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja na kabati la mbao lililofungwa. Ufunguo wa kabati ulikuwa umepotea. Mwenye nyumba ya wageni, mama wa miwani aliyepanda ngazi huku akizilaumu, alimwambia kitasa kile hakichagui, ajaribu ufunguo wowote mdogo alio nao. Dada akatoa rundo la funguo kwenye mkoba wake, akachomeka ule wa stoo ya nyumbani kwao. Ukazunguka bila ubishi.

Ndani ya kabati kulikuwa na stoo ya nyumbani kwao.

Gunia la unga lilikuwa pale pale alipoliacha asubuhi, mdomo wake umebanwa kwa kibanio cha nguo. Ndoo ya sukari ilikuwa chini, na sufuria kubwa za wageni juu. Ng'ambo ya stoo mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na wifi yake alikuwa amesimama hapo na mwiko mkononi.

"Afadhali umefungua," wifi alisema. "Chumvi tulisahau kutoa."

"Rafu ya pili, nyuma ya majani ya chai."

Wifi akachukua chumvi akarudi jikoni. Dada akalitundika gauni lake kwenye kiti, kwa kuwa kabati lilikuwa limejaa.

Nyumba yao ilikuwa na utaratibu wake. Zamani wifi na Kitindamimba, mdogo wao wa mwisho, waligombania sukari hadi wakanuniana msimu mzima, na tangu hapo vitu vyote vya kugombaniwa viliwekwa chini ya kufuli, na funguo akapewa mtu mmoja ambaye kila upande ulimwamini. Mtu huyo alikuwa Dada. Mama ndiye aliyekuwa akizibeba kabla yake, mpaka vidole vyake vilipopinda. Hakuna aliyekumbuka jina halisi la Dada. Hata Mama alimwita Dada, na alipoulizwa jina pale mapokezi, yeye mwenyewe alilazimika kutazama dari kidogo.

Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Pale mashuka hukunjwa na wanawake wawili wawili, huyu ameshika ncha hizi na yule ncha zile, wanakutana katikati na kuachana, kutwa nzima. Msimamizi wao ndiye aliyemwambia kwamba likizo zake zimelundikana, na asipozichukua zitafutwa. Dada hakuwahi kulala chumba cha peke yake. Alichagua mji ule kwa sababu ya picha ya ziwa kwenye kalenda ya kazini, akakata tiketi kabla moyo haujamgeuka.

Usiku wa kuamkia safari tatizo lilikuwa funguo. Mdogo wake wa kiume, mume wa wifi, ambaye nyumba nzima humwita Kaka, alinyoosha mkono azipokee, na Kitindamimba akakohoa. Wifi alipojitolea, Kitindamimba akakohoa zaidi. Mama alitazama vidole vyake. Hatimaye wote walikubaliana, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi wa sukari, kwamba ni heri stoo ifungwe na funguo zisafiri. Kila mmoja alipanda kitandani ameridhika kwamba mwenzake hakuzipata.

Sasa stoo ilikuwa imezifuata.

Dada alishuka kumweleza mwenye nyumba. Mama wa miwani alikuwa akimenya viazi nyuma ya meza ya mapokezi na hakuacha kumenya.

"Kabati lile lina tabia hiyo," alisema. "Mimi nakuomba jambo moja tu. Ukitaka kuwapa kitu, tia mguu mmoja. Ukiingiza yote miwili, linafunga, na wewe ndiyo umerudi kwenu. Kuna bwana mmoja aliingia kumzimia mama mkwe wake redio. Viatu vyake hivi hapa mpaka leo."

Viatu vilikuwa chini ya meza, vimepigwa rangi vizuri.

Siku za kwanza Dada hakustarehe hata kidogo. Alipokwenda kula kwenye mgahawa wa kona, mhudumu aliondoa viti vingine mezani akavipeleka kwa watu wengine, na Dada akajiona amevuliwa kitu mbele za watu. Aliikata nyama vipande vidogo vidogo, kisha akagundua kwamba hakuna mtoto wa kuvila wala mzee asiye na meno. Alipovuka barabara mkono wake ulijinyoosha wenyewe kutafuta mkono wa mtu. Alikula haraka akarudi chumbani mbio mbio, na alipofika chumbani, kabati lilikuwa linagongwa.

Maana alikuwa amejaribu kulifunga. Akilifunga waligonga, kwanza kwa vidole, halafu kwa mwiko, na mgeni wa chumba jirani akagonga ukuta naye. Akilifungua, alikuta wifi na Kitindamimba wamesimama kila mmoja upande wake wa ndoo ya sukari. Ndoo ilikuwa wazi. Wangeweza kuchota. Lakini huyu hakukubali yule achote, wala yule huyu.

"Dada, njoo upime."

Dada aliweka mguu wa kulia stoo, wa kushoto akauacha kwenye zulia la chumba, akainama akapima vikombe viwili vilivyolingana. Mgongo ulimuuma. Alitoka jasho la hofu, kwa sababu sakafu ya stoo ilikuwa na mteremko mdogo aliokuwa hajawahi kuuona alipokuwa akiishi huko. Kila alipopima, kisigino cha kushoto kilinyanyuka kidogo.

"Huko unafanya nini?" Kitindamimba aliuliza.

"Sifanyi kitu."

"Kutwa nzima?"

Basi akaliacha kabati wazi, akaanza kukaa nje, ambako hakuna milango. Alitoka asubuhi mapema, akarudi giza likianza kuingia. Njia ya ziwani ilipita kati ya bustani za mboga na kuishia kwenye jiwe pana ambalo mawimbi madogo yaliligusa na kurudi. Mara ya kwanza alikaa hapo kama mtu anayesubiri daktari. Mara ya pili alivua viatu. Halafu siku moja aliinuka kuondoka, akajiuliza anakwenda wapi, akaona kwamba hana anapotakiwa, akakaa tena. Ilimchekesha. Alicheka peke yake kwa sauti, na bata waliokuwa karibu wakasogea pembeni bila chuki.

Akarudi mgahawani akachagua meza ya dirishani, na mhudumu alipokuja kuondoa kiti cha pili, Dada akamwambia akiache, aweke miguu. Alimeza tonge akasubiri, akameza jingine. Chakula kilikuwa na ladha. Alitembea akageuka kushoto kwa sababu tu kushoto kulikuwa na kivuli. Asubuhi moja alianua shuka lake mwenyewe kwenye kamba ya nyuma ya nyumba na kulikunja bila mwenzake, akilibana ncha kwa kidevu, na likatoka limenyooka. Alilitazama kwa muda mrefu. Alikuwa na furaha, na hakuwa na hamu ya kumweleza mtu yeyote.

Jioni hiyo alimkuta Kaka amesimama ndani ya kabati.

Kaka alikuwa ametia mguu mmoja chumbani na alikuwa anachungulia uvunguni mwa kitanda. Alitazama nyuma ya pazia pia.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Nani?"

"Huyo uliyemfuata. Mtu hasafiri siku zote hizi peke yake bila sababu."

"Sababu ninayo. Nakaa."

Kaka alilitafuta kosa lililokuwa ndani ya jibu hilo. Halafu akasema kilichomleta. Jumamosi bosi wake angekuja kula nyumbani na mkewe. Wifi hawezi kupika cha watu wakubwa, Kitindamimba ndiyo kabisa, na sufuria kubwa ziko juu. Likizo inatosha. Watu wanauliza, na yeye hana la kuwajibu.

"Nitarudi siku yangu," Dada alisema.

"Nyumbani ni hapa. Ni hatua moja."

Akamshika mkono. Hakumshika kwa hasira, alimshika namna mtu anavyoshika kiti anachotaka kukisogeza. Dada akajikuta mguu wake wa kulia uko stoo, juu ya ule mteremko. Kwa mkono wa pili alishika mguu wa kitanda. Kitanda kilikuwa chepesi, cha mtu mmoja, nacho kikaanza kuja. Nyuma ya Kaka, wifi na Kitindamimba walikuwa wamesimama bega kwa bega kwa mara ya kwanza tangu ugomvi, wakisubiri apite.

Kisigino cha kushoto kikanyanyuka. Akabaki na vidole tu juu ya zulia. Dada aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote, na hakuna kilichokuwa kinatokea isipokuwa ndugu zake kumtaka nyumbani.

"Sogeeni," Mama alisema.

Alikuja kati ya magunia akiburuza kandambili zake. Kaka alimwachia Dada kwa sababu Mama anapopita hupishwa, hata kukiwa na ugomvi. Mama alimsukuma Dada kifuani kwa viganja viwili, Dada akarudi chumbani akakaa kitako kwenye zulia. Mama akatia mguu mmoja chumbani. Akatazama kitanda, kiti, dirisha na maji nje ya dirisha.

"Mama, usivuke," Kaka alisema. "Chai nani atatia?"

Mama akanyanyua mguu wa pili.

Kabati likawa kabati. Ndani lilikuwa na henga tupu na harufu ya dawa ya nondo. Kwenye kifundo cha mkono wa Dada zilibaki alama za vidole.

"Chumba cha watu wangapi hiki?" Mama aliuliza.

"Mmoja."

"Basi toka nje kidogo."

Dada akatoka. Alikaa kwenye benchi chini ya dirisha mpaka mwanga ulipokwisha. Mama alikuwa amesogeza kiti dirishani na hakuwa anafanya kitu. Hakusali, hakushona, hakumwita mtu. Alikuwa mwanamke aliyezaliwa katika chumba cha watu sita, akaolewa katika cha watu wanne, na sasa alikuwa amekaa. Mwenye nyumba alimpandishia chai, akagonga, akaiacha nje ya mlango.

Asubuhi Mama alitaka kujua basi linaondoka saa ngapi.

"Baki, Mama. Nitaomba chumba kingine."

"Jumamosi watu wanakula. Nipe hizo funguo."

"Nitakwenda mimi."

"Wewe ulipoteza siku nyingi kukakamaa. Mimi nilianza kufurahi nilipokaa tu. Kwa hiyo wewe ndiye unayehitaji muda." Alinyoosha mkono. Vidole havikuweza kulizunguka rundo lote, akalifungia kwenye pindo la kanga. "Hizi nilizibeba kabla yako."

Dada alizitoa. Alijisikia mwepesi, na aliona aibu kwa wepesi huo, na aibu haikuupunguza. Mama alipanda basi peke yake kwa mara ya kwanza maishani, akakaa kiti cha dirishani. Basi lilipoondoka hakupunga mkono. Alikuwa ameshageukia upande wa pili, uliokuwa na maji.

Siku zilizobaki Dada alizitumia zote. Hakurudisha hata moja. Aliogelea na gauni, alilala mchana, alikula samaki na kunyonya mifupa bila kuharakishwa na mtu. Jumamosi ilipofika alipata uchungu saa za chakula, akakaa nao juu ya jiwe, na saa za chakula zikapita.

Aliporudi, Mama alikuwa getini. Kidole chake kimoja kilikuwa kimefungwa kitambaa, kwa sababu sufuria kubwa zina mishikio ya chuma. Kabla ya salamu alimkabidhi funguo. Sebuleni Kaka alisema bosi alisifu sana mapishi ya nyumba hii. Kitindamimba akasema sukari ya upande wake imepunguzwa. Hakuna aliyeuliza ziwa lilikuwaje.

Maisha yakaendelea. Kazini alikunja mashuka na mwenzake, nyumbani akapima vikombe. Jioni moja wifi alitaka unga, na Dada akaenda stoo, akakuta ufunguo wake haumo kwenye rundo, na mlango haukufungwa. Aliusukuma taratibu.

Ng'ambo ya magunia kulikuwa na kile chumba cha ziwani. Shuka la kitanda lilikuwa limekunjwa vizuri miguuni, dirisha lilikuwa wazi, na ziwa lilikuwa limetulia. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, ameupa mlango wa jikoni mgongo. Mguu mmoja alikuwa ameunyoosha kwenye zulia karibu na dirisha. Mwingine ulikuwa nyuma yake, kandambili mguuni, juu ya gunia la unga, umebana kisigino ili usiteleze.

Hakugeuka. Dada alichota unga pembeni ya kisigino hicho, akaurudisha mlango, akaenda kubandika maji.

"Mama yuko wapi?" Kaka aliita kutoka sebuleni. "Chai!"

"Yuko stoo. Anatafuta chumvi."

"Hajaipata tu?"

"Bado," Dada alisema, akatoa vikombe kabatini akaanza kuvipanga. Kesho ilikuwa zamu yake kuitafuta.