Magunia Ng'ambo ya Korongo

Penina Chibehe alikuwa mbunge kwa vipindi viwili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kunyanyua gunia la alizeti. Kazi yake ilikuwa kuizungumzia. Aliizungumzia bungeni mpaka wenzake wakampachika jina la Mama Mbegu, na kila bajeti ya kilimo iliposomwa alisimama kudai kiwanda cha kukamua mafuta kijengwe Dodoma. Kisha zikaja kura za maoni za chama. Denis Mloli, mwalimu kijana wa sekondari, akambwaga vibaya. Mwaka uliofuata kiwanda kikajengwa kweli, ila na watu binafsi.

Watu hao ndio waliomfuata nyumbani kwake Ipagala. Mwenyekiti wa bodi yao, Mzee Rodgers, alikunywa chai taratibu, akasifu maua ya uani, kisha akasema walitaka awe mkurugenzi mtendaji.

"Wewe una namba za mawaziri wote," alisema.

"Kwa hiyo mnaiajiri simu yangu."

Mzee Rodgers alicheka, lakini hakukanusha.

Penina alikubali hivyo hivyo. Akaanza kujifunza mambo ambayo kwa miaka kumi aliyataja bila kuyajua: unyevu wa mbegu, bei ya chupa, mashudu yanayobaki baada ya kukamua yanauzwa kwa nani. Zamani akiingia mahali watu walisimama. Sasa Ambokile, fundi mkuu, alimjibu huku kichwa chake kikiwa ndani ya mashine, na Penina alilipenda jambo hilo kuliko alivyotarajia. Asubuhi aliamka kabla simu haijamwamsha, moyo ukimdunda kama wa mwanafunzi siku ya kufungua shule.

Wiki ya kuwasha mashine ikafika. Wanunuzi kutoka Dar es Salaam walikuwa waje Jumamosi kuyaona mafuta yakitoka. Wakiridhika, wangesaini mkataba wa mwaka mzima. Alizeti ya kuanzia ilikuwa inatoka Kibakwe, kwa kikundi cha akina mama kilichoongozwa na Tereza, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Alhamisi asubuhi sauti hiyo ililia kwenye simu.

"Mama, karavati la korongoni halipo."

"Limeziba?"

"Halipo. Mvua ya jana imelichukua. Malori yamekwama ng'ambo ya korongo, huku kwetu, na milimani kumeanza kutanda tena."

Mwaka huo mvua zilikuwa zimegoma kukatika. Penina alimweleza Mzee Rodgers, naye hakufikiri mara mbili. "Mpigie waziri."

Akaishika simu. Alijua maongezi yatakavyokwenda, maana aliwahi kuwa sehemu yake mara nyingi. Waziri angesikitika kwa dhati. Angeagiza wataalamu, na wataalamu wangekwenda wiki ijayo kupima. Kidole chake kikapita majina ya wakubwa, kikashuka, kikatua kwa mtu ambaye hawakuwa wamesemeshana tangu siku ile matokeo yalipotangazwa.

"Mheshimiwa Denis," alisema.

"Shikamoo, mheshimiwa Penina."

"Marahaba. Uko jimboni?"

"Niko Gulwe, nina mkutano wa hadhara."

"Usiwaache watu waondoke. Nakuja na malori matupu. Karavati la korongo la hapo limesombwa na maji. Ninawahitaji watu wako wanisaidie kuvusha mzigo, na nitawalipa kibarua."

"Watu wangu, au wako?"

"Ni wako. Ulinishinda."

Denis akacheka, cheko la mtu aliyetua kitu kizito. "Njoo," alisema.

Alipofika korongoni mchana, nusu ya Gulwe ilikuwa ukingoni. Maji yalikuwa yameshuka hadi magotini, mekundu kwa udongo. Ng'ambo, malori ya Tereza yalisimama kwa foleni, na juu ya vilima nyuma yake wingu lilikuwa jeusi kama chungu. Denis alimvuta Penina kando.

"Watasema umeanza kampeni."

"Waambie ukweli. Waambie nimekuja kufanya biashara."

Denis akapanda juu ya tela la lori na kusema hivyo hivyo. Penina naye akawasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wakamwitikia kwa kishindo, maana walimfahamu. Mzee mmoja mwenye shuka begani akanyoosha fimbo.

"Mheshimiwa, karavati utatujengea lini?"

Mdomo wa Penina ulifunguka wenyewe. Ahadi ilikuwa tayari kwenye ulimi, na tarehe yake na kila kitu. Akaimeza.

"Babu, la karavati muulize Denis. Mimi niulize bei ya alizeti."

Watu wakaangua kicheko, wakamgeukia Denis. Naye aliona kwamba hakuna hotuba ingemwokoa pale. Akavua koti, akakunja suruali, akaingia majini.

Ndivyo mstari ulivyoanza. Watu walijipanga kutoka ukingo hadi ukingo, magunia yakaanza kupita mikononi. Penina aliingia na buti za mvua. Gunia la kwanza nusura limwangushe, na ng'ambo kule akamsikia Tereza akimcheka waziwazi. La pili alilipokea vizuri. Akina mama wakaanzisha wimbo wa Kigogo wa kupura mtama, mikono ikafuata wimbo, na mbunge na mkurugenzi wakawa vibarua kama wengine, wakitota jasho na matope. Penina hakukumbuka lini mara ya mwisho alifurahi namna ile.

Matone yalianza magunia yakiwa yamebaki machache. Maji yakapanda hadi mapajani, yakibeba matawi. "Haraka," Denis alisema, na mstari ukasogeleana, bega kwa bega. Gunia la mwisho lilipita juu ya vichwa. Nyuma yake akaja Tereza mwenyewe, khanga imefungwa kiunoni.

"Rudi, maji yanajaa," Penina alimwambia.

"Miaka yote ninalima, sijawahi kuyaona mafuta yakitoka. Nakwenda na mzigo wangu."

Denis akamshika mkono mmoja, Penina mwingine, wakamtoa. Hawajamaliza kupumua, korongo likanguruma, na pale walipokuwa wamesimama pakapita mti mzima na mizizi yake.

Jumamosi Ambokile akawasha mashine. Kwanza yalitoka mafuta mazito yenye tope la mbegu, wanunuzi wakatazamana. Baada ya chujio yakaja mengine, ya dhahabu, yanapitisha mwanga. Tereza hakungoja kukaribishwa. Akachovya kidole, akaonja, akafumba macho.

"Ni yenyewe," akasema, na mnunuzi mmoja naye akachovya.

Mkataba ulisainiwa kabla ya chakula cha mchana. Mzee Rodgers akamnong'oneza Penina, "Ni waziri gani aliyekusaidia?"

"Aliyenishinda ubunge."

Penina hakuwa na muda wa kumweleza zaidi. Lori jingine lilikuwa linapiga honi getini, Tereza alikuwa anamwita aje aone mashudu yanavyotoka, na Ambokile alitaka kujua kama wafanye zamu ya pili. Akasema ndiyo, akaenda karibu kukimbia.