Mwendo wa Kiberiti

Katika ofisi ndogo juu ya duka la viatu, mchana wa kusinziasinzia, Kiberiti aliinamia ramani ya volkano hadi volkano yenyewe ikaanza kufuka. Ndivyo alivyoona yeye. Mistari ya miinuko ilizunguka polepole kama mvuke wa chai.

Kwa miaka thelathini na mmoja aliwaongoza wageni kileleni kutazama jua likichomoza. Aliapa kwamba asubuhi moja jua lilimsubiri amalize kufunga kamba za viatu, maana walishazoeana. Sasa alikuwa mstaafu, na kesho kutwa wageni tisa wangepanda. Alitaka kwenda nao, mara moja tu, kabla magoti hayajagoma kabisa.

Binti yake, aliyemrithi kazi, alikuwa akipanga saa ya kuondoka. Katika kazi yao, saa hupangwa kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote.

"Baba, wewe hadi kileleni unatumia saa ngapi?"

"Tano. Nikiwa na mafua, tano na robo."

"Jana ulipanda ngazi za hapa ukapumzika mara mbili."

"Nilikuwa nasoma matangazo ukutani."

"Ukuta ule hauna tangazo hata moja, mzee wangu." Akaweka kalamu chini. "Nikiandika tano, tunaondoka saa saba usiku. Ukichelewa, jua litatoka wageni wakiwa katikati ya mlima, wanatazama mgongo wako."

Kiberiti akafumba macho. Akaliona jua likifika kileleni, likikuta hakuna mtu, likizungukazunguka kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa. Kisha likaendelea na safari zake.

"Nane," alisema kwa sauti ndogo. "Na nusu."

Binti akashika kalamu, akaandika: kuondoka, saa tatu na nusu usiku. Halafu akapanga mstari wa wapandaji. Aliye mzito hutangulia, asije akaachwa gizani. Nafasi ya kwanza akaandika: Baba.

"Mimi nitakuwa nyuma yako. Ila wageni usiwadanganye njiani."

"Pumzi ya kudanganyia nitaitoa wapi, mama?"

Kiberiti akaweka kidole gumba chini ya mlima, akaanza kukipandisha kwenye ramani, taratibu, akipumzika kila kona. Binti yake akasogeza kikombe kumpisha njia.