Kompaila Mpya Haikumbembeleza Mtu

Asubuhi ya kubadilisha kompaila, Mama Pacha alifika kazini na taulo mbili na chupa ya spiriti, maana mafundi wa ghorofa ya chini walikuwa wameshaanza kukatwa. Kompaila ndiyo inayochukua maandishi ya mafundi na kuyageuza kuwa lugha ya mashine. Ile ya zamani ilikuwa na moyo wa bibi: ukikosea, inanyamaza na kukupitisha. Hii mpya haikumbembeleza mtu. Kila ilipokuta kosa, ilimkata aliyeliandika.

Mfumo wao ulikuwa huria. Yeyote aliutumia bure, na hospitali nyingi ziliutumia. Makosa yaliyofumbiwa macho miaka yote yalikuwa yameanza kuzima mashine za kuwasaidia wagonjwa kupumua. Kwa hiyo hakuna aliyebisha. Fundi wa sauti alipoteza ncha ya kidole kabla ya chai. Mzee wa mtandao, aliyejisifu kwamba yeye na kosa hawajuani, alipasuka mdomo. Mtu akirekebisha mstari wenye kosa, kidonda kilifunga. Aliyevuja damu nyingi alitaniwa kwamba aliandika kwa miguu.

Mchana wakafikia kiini cha mfumo, sehemu ngumu kuliko zote, yenye jina la Mkuu wa ofisi juu ya kila faili. Kiini hicho ndicho kilichompa Mkuu medali na mialiko. Wakamtandikia taulo. Mkuu akavua koti, akakunja mikono ya shati, akabonyeza kitufe mwenyewe.

Aliyeanguka ni Mama Pacha, aliyekuwa amesimama mlangoni. Bega lilifunguka hadi mfupani, kisha paja, kisha mgongo, damu ikarukia skrini. Mkuu hakupata hata mkwaruzo. Chumba kizima kilielewa. Kompaila haisomi majina. Mama Pacha alikumbuka mimba ya mapacha wake, alipoambiwa na Mkuu akiandikie kiini nyumbani, mambo ya majina yatakuja baadaye.

"Isimamishe," mzee wa mtandao alimwambia Mkuu.

Mkuu alimwinamia Mama Pacha, wala si kwa ubaya. "Dada yangu, tukisimamisha tunarudi kwenye ile ya zamani. Wagonjwa unawajua."

Aliwajua. Akaomba kibodi iletwe pale pale sakafuni, akarekebisha kwa mkono mmoja, kidonda hiki kikifunga na kingine kikifunguka. Hasira ilimpanda kuliko maumivu. Kifundo cha mguu wa Mkuu kilikuwa karibu na uso wake. Akaking'ata mpaka akaonja damu. Mkuu akavuta mguu, akamwambia mtu afungue dirisha, hewa ilikuwa nzito.

Jua lilipozama, kiini kilipita chote. Mashine hospitalini zikapumua sawasawa. Tangazo likatoka na jina la Mkuu, watu wakapiga makofi, wenye mikono iliyofungwa bandeji wakagonga meza.

Kidonda cha bega la Mama Pacha kilikataa kufunga. Usiku, nyumbani, dada yake, muuguzi, alikishona jikoni, mapacha wakila chumbani.

"Kwa hiyo wote wameona kazi ni yako," dada alisema.

"Wameona."

"Wakasemaje?"

Mama Pacha alisubiri sindano ipite. "Kwamba ofisi itanunua bandeji."