Mgongo wa Koko Clotilde

Clotilde alikuwa na miaka sitini na sita, na kila siku ya shule alimbeba mjukuu wake Annick mgongoni, kutoka nyumbani kwao katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma hadi mlango wa darasa. Annick alikuwa na miaka saba na kilo kumi na tisa, na miguu yake haikuwahi kumsimamisha. Mama yake, Sylviane, aliondoka alfajiri kwenda kuuza maandazi. Koko, yaani bibi, asipombeba, mtoto hasomi.

Mwezi wa tatu Clotilde alijikwaa kizingitini, akajishika kwa mkono, na mkono ukavunjika. Haukuwa mwanguko wa kuvunja mtu. Malual, tabibu aliyemfunga plasta, aliliona hilo mara moja.

"Mama, mtu akianguka kutoka kimo chake tu na mfupa ukakatika, lazima tuuchunguze mfupa wenyewe. Lodwar wameleta mashine ya kuupima. Plasta ikitoka, nenda."

"Na wakikuta mgongo mbovu?"

"Tutajua cha kufanya."

"Na Annick?"

Malual alikunja barua ya rufaa, akampa. Siku ya kuomba kibali cha kutoka kambini alikuwa na mapumziko, lakini alikuja, akasimama foleni na Clotilde mpaka walipopata kibali cha wiki moja. Clotilde hakulisahau jambo hilo.

Kwa wiki sita za plasta Annick alibaki nyumbani, akiandika herufi zilezile ukutani kwa mkaa, na Sylviane akagombana na Clotilde, akimkataza kumbeba tena. Clotilde naye alitafuna pemba, ule udongo mweupe unaouzwa vipande vipande sokoni. Wanawake wa kwao Bukavu huutafuna wakiwa na mimba, na wengine hawaachi tena. Walimwambia unajenga mifupa, naye akaona inaingia akilini: mfupa ni mweupe, na pemba ni nyeupe. Asubuhi ya safari alikula vipande vitatu. Alipofika Lodwar, akiwa bado kwenye benchi anasubiri kuitwa, aliongeza kimoja.

Mpimaji aliitwa Ekitela, Mturkana mrefu mwenye sauti ndogo.

"Ejok, mama?" alimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok. Unanitia ndani ya hiyo kitu kama mkate?"

"Hapana, hii haina mlango. Unalala juu, huu mkono wa mashine unapita, tumemaliza. Haiumi."

Alimwekea mto chini ya miguu, kisha akageuza feni imwelekee Clotilde, ingawa shati lake mwenyewe lilikuwa limelowa jasho.

"Si walishanipiga picha ya mkono?"

"Ile ilionyesha palipovunjika. Hii inapima mfupa umejaa kiasi gani. Kwa nje unaweza kuonekana mzima, kumbe ndani umekuwa kama sponji. Wanawake wakishaacha kuona siku zao, mfupa hupungua haraka, na hauumi mpaka siku unapovunjika."

Mkono wa mashine ulipita juu ya tumbo lake polepole. Ekitela akatazama kioo, akacheka.

"Mama, huu mgongo umeuiba wapi? Ni wa msichana wa miaka ishirini na tano!"

Clotilde alifumba macho. Alimwona Annick darasani, benchi la mbele.

"Andika hivyo," alisema. "Andika kwa herufi kubwa, Sylviane asome."

Lakini Ekitela alikuwa amesogeza uso karibu na kioo. "Kuna madoa meupe hapa. Umemeza dawa yoyote? Vidonge vya kalsiamu?"

"Sijameza dawa."

Hakuwa amesema uongo. Ekitela alikuna kidevu, akanyoosha mkono kuchapisha karatasi. Clotilde alijua karatasi ile ikitoka hakuna atakayemzuia tena. Alijua pia kwamba, siku mgongo ukikatika njiani, hataanguka peke yake.

"Ngoja, baba," alisema. Akafungua fundo la kitenge na kutoa kipande kilichobaki. "Hii ni dawa?"

Ekitela alikigeuzageuza. "Umekula ngapi?"

"Leo? Vinne. Mwezi huu, sikuhesabu."

"Basi mashine imepima udongo, mama! Uko tumboni, mbele ya mgongo. Mashine haijui mfupa ni upi na pemba ni ipi. Nani alikuambia inajenga mifupa?"

"Wanawake wote."

"Hao wote ni madaktari?"

"Wengine ni wakunga," alisema Clotilde, na wote wawili wakacheka, yeye kidogo.

Ekitela aliifuta ile picha. Alimwambia asiguse pemba siku tano, arudi Ijumaa. Clotilde alilala kwa mama mmoja wa kanisa, ambaye hakumuuliza atakaa siku ngapi, na kila jioni alimpa kikombe cha maziwa kabla ya kujimiminia chake.

Ijumaa Ekitela hakucheka. Alikaa kwenye kiti, macho yao yakalingana.

"Hasi tatu nukta moja, mama. Tunalinganisha na kijana mwenye afya: yeye ni sifuri. Ikifika hasi mbili na nusu, tayari ni ugonjwa. Utapewa kidonge cha kila wiki. Unakimeza asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na hulali mpaka nusu saa ipite. Kunywa maziwa, kula dagaa na miiba yake. Tembea kila siku. Mfupa unapenda kutembezwa."

"Na mtoto wa kilo kumi na tisa?"

"Mgongoni, hapana."

Clotilde aliikunja karatasi mara nne. Hakumlaumu. Kabla hajatoka, Ekitela alimwandikia masharti ya kidonge kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa.

Kakuma, alimkuta Annick ameshavaa sare, ingawa ilikuwa Jumamosi.

"Koko, Jumatatu tunaenda?"

"Tunaenda. Lakini sikubebi tena. Mgongo wangu umechoka, mashine imeuona."

Annick alitazama chini. "Ni mimi nimeuchosha?"

"Si wewe. Ni miaka."

Usiku ule Clotilde na Sylviane walizungumza bila kugombana, na Jumapili baada ya ibada Clotilde alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu afike kambini: alisimama mbele ya kina mama, akaomba. Nyachuol, msusi wa nywele, alisema anayo toroli ya kubebea mgao wa chakula, na asubuhi haina kazi.

Jumatatu waliitandikia blanketi. Nyachuol alisukuma, Clotilde akatembea kando.

"Inanirusha," Annick alilalamika. "Na haina shingo ya kushika."

"Shika ukingo," alisema Clotilde. "Na soma yale maandishi ya dukani, nisikie."